Uzi: Nataka kutibu wazee, kufundisha na kufanya risechi vyote kwa pamoja, hii bongo inawezekana au najidanganya?

DoktaMchanga
Wakuu salaam. Nimemaliza intani mwaka jana, saiv niko hospitali ya mkoa mmoja sitautaja, wodi ya medisini wanaume. Kuna jambo linanikosesha usingizi miezi minne sasa, naomba mawazo hasa kwa mlioko vyuoni.

Wodi yetu ina vitanda 28, ukihesabu asubuhi yoyote waliovuka miaka 60 ni nusu au zaidi, kiharusi, moyo, nimonia, mkojo kuziba. Hakuna mtu hata mmoja pale aliyesomea wazee. Mi mwenyewe chuo miaka mitano sikumbuki kufundishwa uzee zaidi ya lekcha moja ya saa nane mchana, na nusu ya darasa tulisinzia.

Sasa kilichonifikisha hapa. Aliletwa mzee wa miaka 79 amefungwa mikono kwa kanga, wanae wanasema ameanza kutukana watu tangu juzi na hajawahi kutukana maisha yake yote. Mmoja akaninong'oneza pembeni kwamba kijijini wameshasema amerogwa. Tukapima malaria hamna, tukaandika "kuchanganyikiwa, aonwe na watu wa akili", tukapita kitanda kinachofuata. Usiku nesi wa zamu akaniita, dokta njoo ushike hapa chini ya kitovu mbona pagumu. Nikashika. Tukaweka mpira wa mkojo ikatoka lita moja na ushee. Kesho kutwa yake asubuhi nafika, mzee amekaa kitandani ananiuliza kama ng'ombe wake wamepelekwa majini.

Kurudi kwenye faili, kumbe alipewa amitriptilini kwa ajili ya miguu kuwaka moto maana ana sukari, na nyumbani akaongezewa dawa ya mafua ile ya kuleta usingizi. Zote mbili zinaweza kuziba mkojo wa mzee na kumvuruga kichwa. Nikawakusanya wanafunzi watano waliokuwa rotesheni nikawaeleza, na kusema ukweli nilikuwa nimeyasoma usiku ule ule kwenye simu. Binti mmoja akauliza, "sasa dokta hii inatokea mara ngapi hapa wodini kwetu?" Nikakosa jibu. Nikatafuta, hamna jibu, hakuna aliyewahi kuhesabu.

Yaani tangu siku hiyo naona kutibu wazee, kufundisha na kutafiti ni kazi moja tu. Ila nikiwaambia wenzangu wananicheka, mshika mbili moja humponyoka, wewe unataka kushika tatu. Mnasemaje?

PesaKwanza
Mkuu nakuheshimu ila utakufa maskini. Wazee wengi ni msamaha, dirisha lao hospitali haliingizi kitu. Soma radiolojia, au mifupa uzibue nyonga zao hao hao wazee upate hela. Afu uzee si ugonjwa, kila daktari wa medisini anatibu wazee kila siku, sasa wewe utakuwa spesho wa nini, wa mvi?

Kibuyu cha Babu
Naweka kambi hapa 😂😂 "spesho wa mvi"

NesiMkongwe
Huyo nesi wa zamu apewe maua yake. Mimi nina miaka 24 wodini na nakwambia mwanangu, mzee akibadilika ghafla usiku kwanza shika tumbo, angalia mara ya mwisho kwenda choo ni lini, muulize amekunywa maji saa ngapi, tena angalia kama miwani na fimbo yake ndugu hawajarudi navyo nyumbani. Mzee asiyeona na asiyesikia ukimlaza chumba kigeni taa inawaka usiku kucha lazima avurugike. Hatukufundishwa darasani, tulifundishwa na masista wa zamani. Na kila kundi jipya la madaktari tunaanza nao upya kama hatujawahi kusema.

Ndo maana swali la huyo binti ni zuri. Tungekuwa tunaandika, tusingekuwa tunarudia.

LeedsBaridi
DoktaMchanga, mi niko Uingereza mwaka wa saba sasa, nafanya kazi wodi ya wazee. Kwanza nimjibu PesaKwanza. Huku kwenye medisini ya hospitali, tiba ya wazee ndo fani yenye madaktari bingwa wengi kuliko zote. Sio kwa huruma, ni kwa sababu ndo wagonjwa waliopo.

Na hiyo ya "kila daktari anatibu wazee" ilisemwa huku pia miaka ya nyuma. Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex ilirithi jengo la nyumba ya maskini lenye wagonjwa 714 waliolazwa tu miaka nenda rudi, wengi hakuna aliyejua wana nini. Kazi akapewa dokta mwanamke, Marjory Warren. Alichofanya ni kuwapima mmoja mmoja upya, huyu kiharusi anaweza kufundishwa kutembea, huyu arudi kwao. Wengi wakainuka. Mwaka 1943 akaandika kwenye jarida la madaktari wa Uingereza kwamba wagonjwa hawa wawekwe ndani ya hospitali kuu, na moja ya hoja zake ni kwamba hapo ndipo wanafunzi wa udaktari na manesi watajifunzia. Umeona? Kutibu, kufundisha, kuandika, vyote kwa mama mmoja, na hakuwa na cheo cha uprofesa. Profesa wa kwanza wa tiba ya wazee alipatikana Glasgow mwaka 1965, Ferguson Anderson.

Halafu daktari wa wazee Bernard Isaacs akatuachia yale majitu manne, yaani matatizo makubwa ya uzeeni: kushindwa kutembea, kuanguka, kutoshika mkojo, na akili kuvurugika. Mzee anaweza kuwa na nimonia asikohoe wala asipate homa, akaanguka tu. Ukimfundisha mwanafunzi kitu kimoja tu kwenye fani hii mfundishe hicho.

PesaKwanza
Sawa historia nzuri, lakini presha ni presha. Dawa ya presha ya mtu wa 50 ndo hiyo hiyo ya mtu wa 85.

LeedsBaridi
Hapo ndo penyewe mkuu. Majaribio ya dawa kwa miaka mingi yalikuwa yanawaacha nje wazee wa umri huo, kwa hiyo kwa mtu aliyevuka 80 madaktari walikuwa wanabishana kama kushusha presha kunamsaidia au kunamuua. Mpaka mwaka 2008 ndo likatoka jaribio la HYVET, watu 3,845 wote wa miaka 80 kwenda juu, dawa ya kuanzia indapamidi, shabaha 150 kwa 80 na sio 120. Vifo kwa waliopata dawa vikapungua kwa asilimia 21, jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake. Sasa hilo swali lilikuwepo kitandani kila siku, na lilisubiri mtu anayetibu wazee alibebe alipeleke kwenye risechi.

Ila pia angalia, walioingia kwenye jaribio walikuwa wazee wenye afya afya. Bibi wa kilo 38 anayeanguka kila wiki hakuwemo. Kwa hiyo swali bado lipo, njooni mlimalizie.

MamaTunu
Samahani mi sio daktari ila nimesoma uzi wote naomba niseme. Baba mkwe alilazwa hospitali moja kubwa mwaka juzi. Asubuhi wanakuja makoti meupe kumi na mbili wanamzunguka, wanaongea Kiingereza juu ya kichwa chake, mmoja anainua shuka, mwingine anaminya mguu, wanaandika wanaondoka. Hakuna hata mmoja aliyesema shikamoo. Mzee wa miaka 82, mwalimu mkuu mstaafu. Siku ya tatu akaniambia mkwe wangu nirudishe nyumbani nikafie kwa watu wanaonijua.

Sasa mnaposema kufundisha na wazee, mnamaanisha kufundishia JUU ya wazee au? Maana mi naona mnawageuza ubao.

DoktaMchanga
Mama Tunu pole sana, na shikamoo. Umenichoma kwelikweli kwa sababu nimewahi kuwa mmoja wa hao kumi na mbili, sio hospitali hiyo labda lakini ni yale yale.

NesiMkongwe
Mama Tunu umesema kweli tupu. Ninapokuwa zamu naweka sheria yangu, mwanafunzi haruhusiwi kushika shuka ya mzee kabla hajasalimia, hajakaa chini kichwa kiwe sawa na cha mgonjwa, na hajamwambia jina lake. Wengine wananinunia. Lakini mzee akisalimiwa anafunguka, ndo unasikia kwamba aliacha dawa ya presha kwa sababu inamkojoza na choo kiko mbali nje gizani. Hiyo historia huipati ukiwa umesimama mguuni kwa kitanda.

Mtoto wa Kibosho
Nimechelewa kuuona huu uzi. Shikamooni wakubwa wote. Mi niko upande wa utafiti, nimefanya kazi za kukusanya data Hai, Kilimanjaro, kwa hiyo naweza kuongezea kidogo maana watu wanaongea kama vile bongo hatujafanya kitu.

Hai wazee wametafitiwa muda mrefu, tangu ule mradi wa kuhesabu vifo vya watu wazima miaka ya 90, na hapo ukaota ushirikiano wa watu wa KCMC, ile hospitali kubwa ya Moshi, na wenzao wa Newcastle Uingereza, akiwemo Richard Walker ambaye yeye ni daktari wa wazee. Angalieni vilivyopatikana. Walipita nyumba kwa nyumba kutafuta ugonjwa wa Parkinson kwenye watu 161,071, wakapata 33, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wana nini, watu wanatetemeka miaka na kijiji kinasema ni uzee. Kiharusi walihesabu Hai na Dar kwa pamoja, ikaja wagonjwa wapya 108.6 kwa watu 100,000 kwa mwaka Hai na 315.9 Dar, hiyo ni baada ya kusawazisha umri, ilitoka 2010. Ugonjwa wa kusahau, wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, asilimia 6.4 wanao, hiyo ilitoka 2013.

Lakini namba sio utamu wake, nisikilizeni. Vipimo vya akili vilivyotoka nje vinamwambia mtu achore saa, achore maumbo, asome sentensi. Mimi nimemwona bibi mmoja amepewa kalamu, akaishika ngumi nzima kama mtu anayeshika mwiko wa ugali, akachora mstari mmoja akacheka akairudisha. Ukifuata alama ameshafeli, ana demensia. Kumbe bibi huyo huyo anakutajia kikundi chao cha vikoba nani anadaiwa shilingi ngapi na tangu mnada gani. Tatizo ni kalamu, hajawahi kuishika maisha yake.

Ndo ikatengenezwa IDEA, kipimo kifupi kwa wazee wasiosoma. Unamwambia ataje wanyama wengi kadri anavyoweza kwa dakika moja, leo siku gani, kiongozi wa kijiji anaitwa nani, daraja ni nini, unampa maneno kumi unamuuliza tena baadaye, na badala ya kuchora unapanga njiti za kiberiti mbele yake halafu unampa zake aige. Njiti za kiberiti jamani! Bibi anazijua kuliko mimi. Ile kitu ilitokana na mtu aliyekaa mkekani na wazee akaona kipimo chake kinadanganya, na aliyetokea tu kwenye kompyuta asingeiwaza.

Kwa hiyo DoktaMchanga hujidanganyi.

MamaTunu
Mtoto wa Kibosho, na baada ya kuwahesabu mliwapa nini? Maana kwetu pia walikuja watu na madodoso, tukawapikia mpaka chai, hawakurudi tena.

Mtoto wa Kibosho
Swali halali mama na sitalikwepa. Si kila utafiti unarudi, na hilo ni aibu yetu. Kwa upande wa kusahau waliendelea mbele, ile tiba ya vikundi ya kuchangamsha akili yenye vikao 14 ikarekebishwa ili iendeshwe vijijini, wazee wanakaa pamoja wanaimba nyimbo zao, wanaongelea vyakula vya utotoni, wanashika vitu vya zamani. Haihitaji dawa wala daktari bingwa, na mabinti wanaouguza nao wanapata saa moja ya kupumua. Lakini je ipo kila kijiji leo? Haipo.

Na ya ridhaa nayo ni ngumu. Mzee anayesahau anaweka dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa, kesho amesahau kama alikubali. Kamati za maadili zinataka ndugu awepo, na mimi nimejifunza kumuuliza mzee mwenyewe kila nikifika hata kama mtoto wake keshasaini. Akisema leo sitaki, narudi na pikipiki yangu.

Tabibu wa Nakuru
Huku Kenya mambo ni yale yale boss, madaktari wa wazee waliosomea ni wa kuhesabu kwa vidole. Tuko na Inua Jamii, pesa ya serikali elfu mbili kwa mwezi kwa wazee wa 70 kwenda juu lakini kliniki yao hakuna, mzee anapanga foleni ya presha Jumatatu, ya sukari Jumatano, ya macho Ijumaa, na kila kliniki inaongeza dawa yake. Nilishahesabu mfuko wa shosho mmoja nikapata aina kumi na moja, mbili zikiwa dawa moja kwa majina tofauti. Nikauliza anazimezaje, akaniambia anachagua kwa rangi.

PesaKwanza
"Anachagua kwa rangi" 😂 halafu hata sio kichekesho, mama yangu anafanya hivyo hivyo. Haya nimekubali kidogo. Lakini njia ni ipi? Maana dogo hawezi kula njiti za kiberiti.

LeedsBaridi
Njia ya huku kwa faida ya wote: kuna nafasi za mafunzo England ambapo daktari anafanya robo tatu ya muda wodini na robo moja risechi, analipwa vyote. Wengine wanachukua na ualimu. Siri ni kwamba ile robo imelindwa, hawakuiti wodini siku yako ya utafiti (wanakuita, ila angalau unaweza kukataa). Huko nyumbani hakuna anayekulindia, utafundisha saa saba na utaandika saa sita usiku. Usidanganywe hapo.

Mtoto wa Kibosho
Kwa bongo ushauri wangu huu hapa, sio wa vitabuni. Nenda MMed ya medisini, yaani masomo ya ubingwa, maana bila hiyo ni ngumu chuo kukuajiri ufundishe. Ile tasnifu ambayo ni lazima uandike, USIFANYE sukari na figo kama wenzako wote, chukua swali la yule binti. Wazee wangapi wanaolazwa wodini wamechanganyikiwa ghafla, wangapi tuligundua sisi na wangapi waligunduliwa na nesi. Ukikosa hata senti ya ufadhili utaifanya kwa karatasi na kalamu. Baada ya hapo ndo utafute nje, Cape Town wana taasisi ya Albertina na Walter Sisulu ya mambo ya uzee pale chuo kikuu, Ibadan Nigeria wana kituo kizima cha wazee tangu 2012, sio lazima ukapande ndege ya Ulaya. London pia kuna diploma ya tiba ya wazee ya Royal College of Physicians, chuo cha madaktari, unasoma huku unafanya kazi.

Na usisubiri vyeti kuanza kufundisha. Anza Jumatatu.

NesiMkongwe
Na kwenye hiyo tasnifu jina la nesi liandikwe, sio "wahudumu wengine".

Kibuyu cha Babu
Hahaha nesi hataki mchezo. Mkuu DoktaMchanga lete mrejesho basi, nyuzi za humu zinaishiaga hewani.

DoktaMchanga
Mrejesho wiki tatu baadaye wakuu, samahani zamu zilinibana.

Nimeanza. Kila Alhamisi saa nane mchana na wanafunzi wasiozidi wanne, sio kumi na mbili (Mama Tunu umesikia). Tunachagua mzee mmoja, tunaomba ruhusa, shikamoo kwanza, tunakaa. Kisha anayeweza kutembea tunampima kwa kile kipimo cha kuinuka kwenye kiti, kutembea mita tatu, kugeuka na kurudi kukaa. Kiti chenye mikono wodini hatukuwa nacho, tukaazima cha mhasibu. Mita tatu nimebandika plasta sakafuni, mfanya usafi keshaing'oa mara mbili, saiv ndo yeye anaibandika mwenyewe na anatukumbusha muda. Jamaa mmoja wa miaka 74 aliyekuwa ameandikiwa aruhusiwe alitumia sekunde 41, polepole mno. Wanafunzi wakaangaliana. Akabaki siku mbili za mazoezi na mtu wa fiziotherapia, mwanae akaenda kukata fimbo.

Daftari la kuhesabu nalo nimelifungua, ni kaunta buku la kawaida, nesi wa usiku ndo anaandika nyingi kuliko mimi. Sitaweka namba hapa kwa sababu bado chache na sina kibali, nitaandika proposo kwanza. PesaKwanza nikiwa maskini nitakutafuta unikopeshe.

Njiti za kiberiti tumezijaribu upande wa wanawake, ila kwa kujifunza tu maana mafunzo rasmi ya kile kipimo sijapata. Bibi wa kitanda cha sita alipanga zake vizuri kuliko mwanafunzi aliyemwonyesha, akamsahihisha kabisa, hii umeilaza vibaya mjukuu wangu. Tulivyomaliza wanafunzi wakaondoka, mi nikabaki naandika. Jioni natafuta kiberiti changu sikioni. Nimeenda kumuuliza bibi, akaniambia ameshampa binti yake aende nacho nyumbani, cha kwao kiliisha juzi.

NesiMkongwe
Huyo kumbukumbu iko vizuri, mruhusu.